Mtoto anapopotea, yule anayewasaidia polisi kuliko wote huchunguzwa vipi?

#1 | Mwana wa Pangani

Salaam wanajukwaa.

Nimekuwa nikisoma upya kesi ya Soham, mji mdogo wa Cambridgeshire nchini Uingereza, ambako wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 walitoweka jioni ya Jumapili, tarehe 4 Agosti 2002. Mtu aliyekuja kutiwa hatiani, Ian Huntley, alikuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya pale. Hakukimbia wala hakujificha. Yeye mwenyewe alieleza kwamba watoto wale walipita mbele ya nyumba yake na kwamba alizungumza nao, akasimama mbele ya kamera za runinga na kuhojiwa kwa upole, huku mchumba wake Maxine Carr, aliyekuwa mwalimu msaidizi katika shule ya watoto hao, akiwaonyesha waandishi kadi aliyopewa na mmoja wao. Karibu wiki mbili zilipita hivyo.

Swali langu ni hili: katika kesi za watoto waliopotea, mtu anaposhirikiana na wapelelezi kwa kiasi hicho, je, wao humwamini, au humwacha azungumze makusudi mpaka maneno yake yamfunge? Mimi naegemea jibu la pili. Naamini ushirikiano wa mtuhumiwa ni mali ya mpelelezi, na mpelelezi mwenye akili haiharibu mali hiyo kwa kumtia pingu mapema. Nakaribisha hoja.

#2 | Mzee Kibaraza

Nilifanya kazi ya upelelezi miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu kwa namna tulivyofanya na si kwa namna tamthilia zinavyoonyesha.

Mtoto anapopotea, kazi ya kwanza ya mpelelezi ni kufuta majina. Unaanza na watu wa nyumbani, unakwenda kwa mtu wa mwisho kumwona mtoto, kisha kwa kila mwenye ufunguo, gari au sababu ya kuwa katika njia ile kwa saa ile. Mtu wa mwisho kumwona mtoto huchunguzwa daima, awe mkarimu au mkali, na kushirikiana kwake hakumwondoi katika orodha hata siku moja. Kinachomwondoa ni maelezo yake kupimwa na kukutwa sawa.

Ndiyo maana katika mahojiano ya kwanza hatukubishana naye. Tulimwacha asimulie tangu alipoamka hadi alipolala bila kumkatiza, tukaandika saa, njia, nguo, hali ya hewa, nani alimsalimu na simu ipi ilipigwa, tukamsomea, akatia sahihi. Baada ya hapo kila kipande kilikwenda kupimwa mtaani. Mtu mwongo hupata shida kubwa zaidi kwa kuruhusiwa kusema kuliko kwa kubanwa, kwa sababu anayebanwa hujifunza kutoka kwenye maswali yako kile unachokijua.

#3 | Asha wa Mikindani

Namheshimu mzee, lakini naona mleta mada anawapamba polisi wa Soham kwa hekima ambayo hawakuwa nayo.

Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Sir Michael Bichard, ambao ripoti yake ilitoka Juni 2004, ulionyesha kwamba Huntley alikwisha kutajwa mara kadhaa katika tuhuma za makosa ya kingono dhidi ya wasichana na wanawake katika eneo la polisi wa Humberside, na kwamba kumbukumbu hizo hazikutunzwa wala kufikishwa ilipotakiwa. Alipewa kazi ya shule bila yeyote kuziona. Sasa mtu huyo anaposimama mlangoni kwake na kusema kwa utaratibu kwamba aliwaona watoto, anaonekana kuwa shahidi mwema, na faili ambalo lingewafanya wapelelezi wamtazame kwa jicho jingine halipo. Hapo hapakuwa na mtego wowote. Walikuwa vipofu, na ukarimu wake ukawazidishia upofu. Tena Carr alikuwa ndani ya nyumba siku ile ile, na bado walichukua siku nyingi.

#4 | Wakili wa Barazani

Habari zenu. Kuna maelezo ya tatu ambayo hayahitaji hekima wala upofu, nayo ni saa ya ukutani.

Katika Uingereza, mtu akikamatwa, polisi wana saa 24 za kumshikilia bila kumfungulia mashtaka, zinazoweza kufika 36 kwa idhini ya ofisa wa ngazi ya juu na 96 kwa idhini ya mahakama. Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka kipindi cha msingi cha saa 4 cha kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, ambacho kinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuyatupa maelezo ya onyo mengi, yaani yale ya mtuhumiwa aliyeonywa kwanza kwamba maneno yake yanaweza kutumika mahakamani, kwa sababu tu yaliandikwa nje ya muda huo.

Maana yake ni kwamba mpelelezi akimkamata mtu anayezungumza kwa hiari, anaianzisha saa, anampa haki ya wakili na haki ya kukaa kimya, na huenda ule mfereji wa maneno ukakatika siku hiyo hiyo. Akimwacha kama shahidi, saa haijaanza. Kwa hiyo subira tunayoisifu mara nyingi ni hesabu ya kisheria. Niongeze pia kwamba hesabu hiyo ina hatari yake: ukiendelea kumhoji mtu kama shahidi wakati tayari una sababu za msingi za kumshuku, bila kumpa onyo, wakili wa utetezi atakusubiri mahakamani kwa hamu.

#5 | Chebet wa Bonde

Dada Asha (#3), Carr hakuwa ndani ya nyumba. Siku ile alikuwa Grimsby, umbali mrefu kutoka Soham, na uongo wake ulikuwa huo hasa: aliwaambia polisi kwamba alikuwa nyumbani na kwamba Huntley alikuwa naye. Ndiyo maana alifungwa miaka mitatu na nusu kwa kupotosha mwenendo wa haki, ilhali Huntley alihukumiwa kifungo cha maisha mnamo Desemba 2003, na baadaye ikaamuliwa akae angalau miaka 40.

Mpangilio wa siku za mwisho ni muhimu kwa mada hii. Tarehe 16 Agosti wote wawili walihojiwa kwa saa kadhaa wakiwa mashahidi, wakaachiwa, na wakati huo majengo ya shule yalikuwa yakipekuliwa. Usiku huo yakapatikana mabaki ya nguo za watoto yaliyochomwa, ndani ya pipa la taka. Alfajiri ya tarehe 17 walikamatwa, na siku hiyo hiyo miili ikapatikana karibu na kambi ya ndege ya Lakenheath. Mimi nasoma hapo kwamba mahojiano marefu ya shahidi yalimweka mahali panapojulikana wakati upekuzi ukiendelea. Huenda ilikuwa mbinu, huenda ilikuwa bahati.

Kuhusu Kenya, Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ungamo halikubaliki mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo mwenye cheo kisichopungua Inspekta, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kwa hiyo kwetu mpelelezi hawezi kulijenga jumba lote juu ya maneno ya mtu mmoja tu.

#6 | Mwana wa Pangani

Asante Chebet kwa masahihisho. Ila wote mmeruka jambo moja: katika saa za mwanzo mtoto huenda yu hai. Nadhani mpelelezi anaweza kukubali kuharibu kesi ya baadaye ili apate neno moja la kumfikisha kwa mtoto leo. Je, hilo halibadilishi namna ya kumtendea anayezungumza?

#7 | Mama Watatu

Linabadilisha, na nitatoa mfano unaoniumiza kila ninapousoma.

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1993, Polly Klaas, mwenye umri wa miaka 12, alichukuliwa kwa kisu nyumbani kwao Petaluma, California. Saa chache baadaye, naibu sherifu wawili wa kaunti ile ile walimkuta mwanamume gari lake limekwama kwenye mtaro katika barabara ya mashambani. Alijibu maswali yao, hakubisha, wakalipekua gari, wakamwamuru amwage bia aliyokuwa nayo, wakamsaidia kulitoa gari, akaenda zake. Alikuwa Richard Allen Davis, mtekaji mwenyewe. Taarifa ya utekaji haikuwa imetangazwa katika masafa ya redio waliyokuwa wakiyasikiliza.

Sasa tazameni upande wa pili. Baba wa mtoto, Marc Klaas, alijitolea kuhojiwa na kupimwa kwa mashine ya kupima uongo ili polisi wamalizane naye na waendelee mbele, na baadaye amekuwa akiwashauri wazazi wengine wafanye vivyo hivyo. Kesi moja, watu wawili walioshirikiana: mmoja ni baba aliyefiwa, mwingine ni muuaji. Tabia zao mbele ya polisi zilifanana.

#8 | Dogo wa Gongolamboto

Kumbe jawabu mmelitaja wenyewe na mnalipita. Wapimwe wote kwa mashine hiyo, anayekataa ndiye. Mahakama za Marekani zinaikubali, sisi tunaendelea kubishana barazani.

#9 | Mhitimu Asiyelala

Dogo (#8), ungekuwa mpelelezi, nusu ya Gongolamboto ingekuwa mahabusu kabla ya adhuhuri.

Mahakama nyingi za Marekani haziyakubali matokeo ya mashine hiyo kama ushahidi, na mwaka 2003 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilitoa ripoti iliyoukosoa vikali msingi wake wa kisayansi. Polisi huitumia kwa sababu nyingine kabisa: ni njia ya kumfanya mtu aliyejitolea aendelee kukaa kitini na kuzungumza.

Mfano ulio wazi ni Susan Smith wa mji wa Union, South Carolina. Tarehe 25 Oktoba 1994 alidai kwamba mtu mweusi alimteka kwenye taa za barabarani akaondoka na gari likiwa na wanawe wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miezi 14. Kwa siku tisa alishirikiana kikamilifu, akalia kwenye runinga, akapimwa kwa mashine zaidi ya mara moja, na matokeo yakawatia wapelelezi shaka bila kuwapa hakika. Kilichomwangusha kilikuwa taa. Alisema taa ya njia panda ile ilikuwa nyekundu na kwamba hapakuwa na gari jingine, lakini taa ile hubaki kijani kwa upande wake mpaka gari la njia ya kukata liiguse. Kama hapakuwa na gari jingine, asingekuta nyekundu.

Hawakumrukia. Sherifu Howard Wells alimwita tarehe 3 Novemba katika chumba kidogo cha kanisa, akamwambia kwamba polisi wake walikuwa wakiilinda njia panda ile usiku ule kwa sababu ya dawa za kulevya na hawakuona kitu. Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Susan akakiri kwamba aliliacha gari lishuke ndani ya Ziwa John D. Long watoto wakiwa wamefungwa mikanda. Polisi wa Marekani wanaruhusiwa kwa kiasi kikubwa kumdanganya mtuhumiwa namna hiyo. Polisi wa Uingereza hawaruhusiwi. Kwa hiyo hata mbinu ya kumtendea mtu mkarimu inategemea uko upande gani wa bahari.

#10 | Asha wa Mikindani

Mhitimu ametoa mfano ambao hadithi inaisha vizuri kwa wapelelezi. Mimi nitatoa miwili inayoisha vibaya, na hapo hoja ya mleta mada itayumba.

Wa kwanza ni Azaria Chamberlain, mtoto mchanga aliyetoweka kwenye kambi ya watalii karibu na mwamba wa Uluru, Australia, tarehe 17 Agosti 1980. Mama yake, Lindy, alisema tangu dakika ya kwanza kwamba mbwa mwitu wa kule, aitwaye dingo, amemchukua. Alizungumza na polisi, alizungumza na waandishi, alieleza kila alichoulizwa, na ule utulivu wake ndio uliomponza: watu walisema mama aliyefiwa hazungumzi hivyo. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1986 koti la mtoto likapatikana karibu na mapango ya dingo, akaachiwa. Mwaka 1988 hatia ikafutwa. Na mwaka 2012 ndipo mahakama ya uchunguzi wa vifo ilipotamka rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Kila alichokieleza kwa hiari kilikuwa kimegeuzwa kuwa kasoro.

Wa pili ni Jacob Wetterling, mwenye umri wa miaka 11, aliyetekwa na mtu mwenye barakoa na bunduki huko St. Joseph, Minnesota, tarehe 22 Oktoba 1989. Danny Heinrich alihojiwa katika miezi ya mwanzo, akatoa viatu vyake na matairi ya gari lake vikapimwe, vikaonekana kukaribiana na alama zilizokutwa, akakana, akaachiwa. Jirani mmoja, mwalimu, aliyekuwa ameeleza kwamba aliona gari likigeuza kwenye njia ya shamba lao usiku ule, ndiye aliyekuja kushukiwa hadharani mwaka 2010, shamba la familia yake likachimbwa. Heinrich alikiri mwaka 2016 na kuwaongoza wapelelezi hadi kwenye mabaki. Katika kesi moja mwenye hatia alishirikiana akaachwa, na asiye na hatia alishirikiana akaandamwa.

#11 | Mzee Kibaraza

Binti Asha ananipeleka pagumu, lakini nitakubali changamoto. Katika Minnesota tatizo lilikuwa la ushahidi zaidi kuliko la tabia. Viatu na matairi vilikaribiana tu, na hakimu hamfungi mtu kwa kukaribiana. Mpelelezi aliyemwachia huenda alimshuku mpaka usiku hakulala. Kumshuku mtu ni kitu kimoja, na kumfikisha mahakamani ni kitu kingine.

Niongeze jambo la nyumbani. Vijijini kwetu, mtoto akipotea siku ya tatu, watu huanza kumtafuta mganga, na ramli chonganishi huwahi kumtaja mtu kabla mpelelezi hajafika. Mara nyingi anayetajwa ni yule aliyejitokeza sana katika msako, kwa hoja kwamba mbona anajua njia zote. Nimewahi kufika kijijini nikakuta shahidi wangu bora amekimbilia mkoa mwingine kwa kuokoa roho yake. Hapo utamwambiaje mtu mwingine ajitokeze kesho?

#12 | Nahodha Mstaafu

Nimekuwa msomaji tu, lakini bandiko la Mzee (#11) limenigusa.

Mtoto wa jirani yetu, Mombasa, alipotea alasiri ya siku ya soko. Nilikuwa wa kwanza kuchukua tochi, nikawapanga vijana kwa mitaa, nikaenda kituoni kuandikisha kwa niaba ya mama yake aliyekuwa hajiwezi. Usiku huo nikahojiwa kwa upole, asubuhi nikahojiwa tena na ofisa mwingine kwa maswali yale yale yaliyopangwa kinyumenyume, na jioni wakaomba kuitazama mashua yangu. Niliwaruhusu bila hati. Mtoto alikutwa kwa shangazi yake, ng'ambo ya kivuko, akila biriani.

Mke wangu alikasirika mno kwamba walinishuku. Mimi sikukasirika, ingawa nakiri kwamba majirani wawili hawajaniagiza samaki tangu siku ile. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba sikujua kabisa kama nilikuwa shahidi au mshukiwa, na hakuna aliyenieleza. Wakili, hilo ni halali?

#13 | Wakili wa Barazani

Nahodha, pole, na nafurahi biriani ilikuwapo. Mradi hukuwa umekamatwa na ulikuwa huru kuondoka, walikuwa na ruhusa ya kukuuliza, nawe ulikuwa na ruhusa ya kukataa upekuzi usio na hati. Lakini eneo hilo la kati, ambapo mtu hajui amesimama wapi, ndilo tatizo ninalolipigia kelele.

Wareno wamelitatua kwa namna yao. Kwao kuna hadhi rasmi ya mshukiwa, na mtu akishapewa hadhi hiyo anapata haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili, na hata yeye mwenyewe anaweza kuiomba. Katika kesi ya Madeleine McCann, aliyepotea Praia da Luz mwezi Mei 2007 akiwa na umri wa karibu miaka 4, Mwingereza mmoja mkazi wa pale aliyejitolea kuwatafsiria polisi ndiye aliyepewa hadhi hiyo kwanza. Hakufunguliwa mashtaka, hadhi ikafutwa Julai 2008, na magazeti ya Uingereza yaliyomchafua yakamlipa pauni 600,000. Wazazi nao walipewa hadhi hiyo Septemba 2007, na mama, aliyekuwa amezungumza na polisi tangu usiku wa kwanza, hapo akakataa kujibu maswali 48 kwa ushauri wa wakili wake. Umma ukauona ukimya ule kama ungamo. Mimi nauona kama mteja aliyemsikiliza wakili, jambo ambalo wateja wangu hawalifanyi mara nyingi.

#14 | Chebet wa Bonde

Wakili, kuna ushirikiano wa aina nyingine ambao hamjaugusa, ule unaokuja baada ya kukamatwa.

Julai 2021 wapelelezi wa Kenya walimkamata Masten Wanjala, kijana wa miaka 20, kuhusiana na watoto waliopotea Nairobi, na akazungumza bila kusukumwa, akataja mauaji ya watoto zaidi ya 10 na kuwaongoza hadi mahali alipotupa baadhi ya miili. Familia zilizokuwa zikingoja zikapata majibu kwa mdomo wake. Kisha tarehe 13 Oktoba, siku aliyotakiwa kufikishwa mahakamani, ikabainika kwamba ametoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, na siku mbili baadaye umati ukamuua kwao Bungoma. Maofisa wa zamu walikamatwa. Sitaki kudai kwamba ukarimu wake wa maneno uliwalegeza walinzi, lakini swali linaulizwa na wengi huku kwetu: mshukiwa anayekupa kila kitu, je, hukufanya usahau kwamba bado ni mshukiwa?

#15 | Mswahili wa Leeds

Niko jirani na Dewsbury, kwa hiyo nitasema la huku. Februari 2008 Shannon Matthews, mwenye umri wa miaka 9, alipotea, na mama yake Karen akawa kila siku mbele ya kamera akiomba arudishwe. Alipatikana hai tarehe 14 Machi, siku ya 24, katika nyumba ya Michael Donovan, jamaa wa mwenzi wa mama huyo, kiasi cha maili moja tu kutoka kwao. Desemba wote wawili walitiwa hatiani, na Januari iliyofuata kila mmoja akahukumiwa miaka 8.

Kinachohusu mada ni ofisa wa polisi anayewekwa na familia. Watu humwona kama mfariji, hupika naye chai na humlilia begani. Mwongozo wa polisi wa huku unasema wazi kwamba yeye kwanza ni mpelelezi, na kila analoliona linaandikwa. Mleta mada alitaka kujua kama wapelelezi huamini au hutega: ofisa yule hufanya yote mawili kwenye kiti kimoja.

#16 | Mhitimu Asiyelala

Niongeze la kisayansi, kwa sababu Mama Watatu (#7) aligusa kiini. Uchambuzi wa Bond na DePaulo wa mwaka 2006, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa kutazama tu kwa usahihi wa takriban asilimia 54. Kurusha shilingi kunakupa 50. Kwa hiyo upole, machozi na kujitolea havimwambii mpelelezi karibu chochote.

Watafiti kama Granhag na Hartwig wamependekeza njia ya kuficha ushahidi: usimwonyeshe mtu ulicho nacho, mwache aeleze kwa uhuru, umuulize maswali yanayofunga milango ya visingizio, ndipo umwekee ushahidi mezani. Asiye na hatia husema aliyoyafanya na maelezo yake hukutana na ushahidi. Mwenye hatia huukwepa asioujua. Mtu anayeshirikiana ndiye anayefaa zaidi njia hii. David Westerfield wa San Diego, mwaka 2002, aliwasimulia polisi safari ndefu ya jangwani kwa undani mkubwa na hata akakubali kuirudia njia pamoja nao, huku mtoto wa jirani yake, mwenye umri wa miaka 7, akiwa bado anatafutwa. Damu ya mtoto iliyokutwa kwenye koti alilolipeleka kwa dobi ndiyo iliyokuja kumaliza mjadala.

#17 | Dogo wa Gongolamboto

Sawa, mashine nimeiweka kando. Basi nasikia lazima tungoje saa 24 kabla ya kuripoti mtoto. Hizo saa si ndizo zinazompa mhusika nafasi ya kujipanga na kuja kushirikiana?

#18 | Mama Watatu

Hakuna ulazima huo, Dogo. Marekani sheria ya mwaka 1990 inawakataza polisi kuweka muda wa kungoja kwa mtoto, na hapa kwetu nenda kituoni dakika hiyo hiyo, chukua namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, na piga 116, simu ya msaada kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya. Anayekwambia ungoje mjibu kwa heshima na usiondoke kaunta.

#19 | Mwana wa Pangani

Nimefuatilia yote, na bado naegemea upande wangu, ingawa naona Wakili na saa yake ya ukutani amenipunguzia nguvu. Soham naiona kama mbinu iliyochelewa.

#20 | Asha wa Mikindani

Nami bado naiona kama upofu uliowahiwa na pipa la taka.

Mzee Kibaraza, kabla hujalala, nijibu moja. Ulisema kazi ya kwanza ni kufuta majina. Heinrich alikaa miaka mingi akiwa mtu aliyekwisha kuhojiwa na kuachiwa. Jina likishafutwa, nani hulirudia?

#21 | Mzee Kibaraza

Aliyelifuta asilirudie yeye. Faili hupewa ofisa ambaye hakuwahi kukaa meza moja na mtu yule, asome maelezo ya kwanza bila kuambiwa tulimwonaje, na atie alama kila sentensi ambayo hakuna aliyekwenda kuipima. Tulifanya hivyo pale tulipokuwa na maofisa wa kutosha. Mara nyingi hatukuwa nao.